Nyuma ya Shabaha

Mume wangu Yassin akitaka kununua kitu hasemi anakitaka. Anaanza kuzungumza juu ya kubana matumizi. Ndivyo tulivyopata pikipiki isiyowaka asubuhi, na ndivyo ilivyoingia habari ya bunduki. Tulikuwa tunakula ugali na sato, akaniambia kwa upole kwamba mchezo wa kulenga shabaha ni ghali kwa watu wengine, lakini kwa mtu anayejimwagia risasi mwenyewe ni wa bure kabisa.

Kazi yake ni madini ya risasi. Anakusanya betri mbovu za magari na mabomba ya zamani, anayeyusha, anamwaga kwenye kalibu, na kutoa vile vizito vinavyozamisha nyavu za dagaa. Karakana yetu ipo ufukweni, upande wa Ilemela, pale ziwa linapoingia nchi kavu na kufanya ghuba nyembamba. Wavuvi wote wa pande zile wanazamisha nyavu kwa vizito vya Fundi Yassin, na yeye anajivunia jambo hilo kuliko anavyoonyesha.

Siku za nyuma kikundi chao cha walenga shabaha kilikuwa kinapigia kwenye machimbo ya mawe kule Buswelu, mwamba ukiwa nyuma kama ukuta. Sasa Buswelu ni nyumba hadi juu kilimani, na mtu akifyatua risasi pale ataivunja sebule ya mtu. Wakahamia shambani kwa mzee Revocatus, nje kidogo ya Usagara. Huyu alikuwa afisa wa wanyamapori, akastaafu, na alikuwa na bunduki zake tatu za halali alizotaka kuzipunguza. Yassin alikuwa anaazima bunduki pale na kurudi nyumbani anang'aa, lakini Usagara ni mbali kwa mtu anayetaka kufanya mazoezi kila asubuhi. Mashindano ya kikundi yalikuwa yanakuja, naye alitaka bunduki yake, na alitaka kupigia nyumbani.

Nilikwenda naye kuchagua, kwa sababu dagaa wangu nao walikuwa wamechangia. Mzee Revocatus alizilaza bunduki zote tatu kwenye mkeka, zote za kupiga risasi moja moja. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya bei ya chini, ila inakula vile virisasi vidogo vya dukani ambavyo ukishapiga umetupa, huwezi kuvijaza tena. Yassin aliirudisha bila kuinyanyua hata begani. Ya pili ilikuwa ya kukunjika katikati, ya marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika, mtutu wake laini ndani kama bomba la maji. Alisema hiyo ni ya kanga na sungura, shabaha haiitaki.

Ya tatu ilikuwa nzito na ya kizamani, kitako chake kimepasuka na kufungwa waya. Ukishusha mkono wake wa chuma ulio chini ya triga, mlango wa nyuma unafunguka, unatia ganda moja, unafunga. Ganda ni la shaba, linajazwa upya mara nyingi, na mzee Revocatus alikuwa na kibali cha kujaza. Yassin alitoa mfukoni kipande cha risasi laini, akakisukuma ndani ya mtutu kwa fimbo ya mti, polepole, macho ameyafumba. Kilipotoka upande wa pili akakizungusha kwenye mwanga na kunionyesha alama za mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu, imejichora sawasawa pande zote. Mtutu mzima, akasema. Kitako kibovu ndicho kilichoshusha bei, na kitako ni mbao tu. Nikiri kwamba alichagua vizuri. Kuhusu bunduki yenyewe sina lawama hata leo.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mzee Revocatus akamwuliza atapigia wapi.

"Nyumbani, mzee. Naweka mbao ya shabaha kwenye kina kifupi, mimi nakaa juu ya jiwe."

"Na nyuma ya shabaha kuna nini?"

"Maji. Ziwa zima."

Yule mzee aliweka kikombe chini. Alimwambia kwamba maji si udongo, na kwamba risasi nzito ikigusa maji kwa ubapa haijulikani inakokwenda. Ajenge tuta la mchanga nyuma ya shabaha, lenye kimo cha mtu. Yassin alicheka, si kwa dharau, ila kama mtu anayeelezwa kazi yake na mgeni. Alisema amemwaga risasi tangu akiwa kijana, imetupwa ziwani kwa magunia, na haijawahi kuelea hata moja. Ikiingia majini inazama. Ndiyo kazi yake duniani. Mwishowe akaahidi kwamba tuta atalijenga.

Kibali cha polisi kilichukua miezi. Tuta halikujengwa.

Alikuwa anapiga asubuhi, kabla upepo haujaamka, ziwa likiwa limelala kimya bila hata mkunjo. Alisema upepo unaharibu shabaha. Mimi nilikuwa nyuma ya mawe naanika dagaa, sioni kitu, nasikia tu. Kwanza mlio. Halafu mlio unarudi kutoka ng'ambo. Na katikati, siku nyingine, nilisikia uvumi unaokwenda mbali, kama nyuki aliyekasirika. Nilimwuliza ni nini. Akasema ndivyo risasi inavyolia ikiwa inakwenda vizuri. Sikuupenda ule uvumi, nikamwambia siupendi, naye akasema mimi hata sauti ya blenda siipendi.

Ng'ambo ya ghuba ni kijiji hiki hiki chetu. Ni umbali ambao mtu unamtambua kwa mwendo, sura huioni. Kuna mwamba mkubwa mweusi, na chini yake wanawake wanafua na ng'ombe wanakunywa. Pembeni kuna majaruba ya mpunga ya bwana mmoja anayeitwa Ngosha, mtu mrefu, mkimya akiwa hajakasirika, na mwenye gobore la baba yake alilolisajili kwa ajili ya ngedere na ndege. Mkewe Rose tunauziana. Mimi dagaa, yeye mchele. Ndiye aliyeniambia kwamba wanawake wameanza kuogopa kufua pale. Kuna kitu kimegonga mwamba, siku nyingine kimepita juu ya vichwa vyao, na wanasema ni mumewe anayefukuza ndege bila kuangalia. Ngosha ameapa kwamba gobore lake tangu mavuno halijatoka ndani. Wanawake hawakumwamini.

Habari hiyo nilimfikishia Yassin jioni ile ile. Alinawa mikono muda mrefu, kisha akasema Ngosha ana hasira, inajulikana.

Na kweli ilijulikana. Ng'ombe wa mzee Masalu walikuwa wameingia mara kwa mara kwenye mpunga wa Ngosha, na safari ya mwisho Ngosha alisimama njiani, watu wakimsikia, akasema ng'ombe atakayerudi atamlaza kwa gobore. Ni maneno ya mkulima aliyechoka. Kila mtu huku amewahi kusema kitu cha namna hiyo.

Wiki ile ile dume la Masalu, lile kubwa la kulimia, lilianguka likiwa linakunywa maji. Lilipochunwa likakutwa na tundu nyuma ya bega. Aliyekuwa anakata nyama alipitisha shoka kwenye kile kilichokuwa ndani, nusu ikapotea kwenye damu na mavi ya tumboni, nusu ikabaki: kipande cha madini ya risasi kilichopondeka kama ubani uliotafunwa. Hakuna aliyeweza kukitambua. Madini yenyewe hayakusema kitu, maana Ngosha naye hununua vipande kwa Yassin kwa ajili ya gobore lake. Sufuria ni moja.

Watoto wa Masalu walitaka kwenda kwa Ngosha na mapanga mchana ule ule. Aliyewazuia ni mzee Kashindye, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Alisema kutakuwa na mkutano siku ya tatu, na Ngosha akipatikana na hatia atalipa ng'ombe, na yeye na nyumba yake watatengwa, kisha watahama. Kwa mtu asiyetoka huku nieleze: ukitengwa hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuuzia chumvi wala kukupa kaa la moto, na ukifiwa unazika peke yako. Hakuna anayevumilia. Watu wanaacha mpunga shambani na kuondoka.

Halafu Kashindye akafanya jambo la busara kabisa. Alivuka ghuba kwa mtumbwi, akampa Yassin kile kipande mkononi, akamwambia hakuna anayejua risasi kama yeye. Akichunguze, aje awaambie mbele ya watu kama ni cha gobore la Ngosha. Neno lake ndilo watakalolishika.

Yassin alikaa nacho karakanani mpaka moto ukazima. Aliporudi ndani hakula.

"Mama Khalidi, nataka moyo wangu utulie," akasema. "Kesho nakwenda kukaa pale alipofia yule ng'ombe. Wewe utapiga kutoka huku. Nikiona hakifiki kitu, nitakwenda mkutanoni nikaseme kwa haki kwamba si yangu."

"Na kikifika?"

"Risasi inazama, Zakia. Nimeimwaga maisha yangu yote."

Nilikataa. Nilimwambia hiyo si akili, na kibali kina jina lake, si langu. Alisema hana mtu mwingine wa kumwamini. Usiku ule niliuona vizuri mtego nilioingizwa. Nisipopiga, atakwenda mkutanoni na kusema linalomfaa. Nikipiga pembeni, kwenye tope, atarudi amejaa yakini na Rose atafungasha vyombo vyake. Nikipiga sawasawa, huenda nikamwua baba wa mwanangu. Nilimchukia kwa kunipa chaguo hilo, na nilikuwa naogopa.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Aliilaza bunduki juu ya jiwe kwenye mifuko ya mchanga, akaibana, akailenga mwenyewe katikati ya mbao, akaniambia kazi yangu ni kuvuta triga tu. Akazunguka ghuba kwa njia ya miguu. Nilimwona akifika ng'ambo, akiwaondoa wanawake wawili waliokuja na ndoo, akingoja watoweke. Kisha akasimama. Nilidhani atajibanza nyuma ya ule mwamba. Alisimama mbele yake, shati jeupe juu ya jiwe jeusi, kwa kiburi chake chote. Simu ikaita.

"Piga," akasema.

Nikasema bismillahi, nikavuta.

Mbao ilitikisika. Nyuma yake maji yaliruka, meupe, kama mtu ametupa kijiwe. Halafu yakaruka tena, mbali zaidi, na tena, mbali zaidi, kwa mstari ulionyooka. Ule uvumi wa nyuki ukavuka ghuba. Halafu kutoka ng'ambo, mkavu na mfupi, mgongano wa kitu na jiwe. Lile shati jeupe likashuka chini.

Sijui nililia kwa sauti au kimyakimya. Ninachokumbuka ni kwamba lile shati lilinyanyuka tena, taratibu, likainama, likawa linatafuta kitu kwenye mchanga. Lilitafuta muda mrefu. Ndipo simu ikaita.

"Hakijafika kitu," akasema Yassin. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nipige tena?"

"Inatosha."

Aliporudi alikuwa na kidonda kibichi shavuni, karibu na jicho. Akasema ni mwiba wa njiani. Mkono wa kulia hakuutoa mfukoni mpaka alipoingia karakanani, na mara nikasikia anawasha moto wa kuyeyushia, ilhali siku hiyo hakukuwa na kazi ya mtu. Sikumbishia. Baada ya alasiri nilizunguka ghuba kwa miguu yangu. Kwenye ule mwamba mweusi kulikuwa na kovu jipya, jeupe, kwenye kimo cha bega la mume wangu. Nilipoligusa, vumbi lake lilibaki kwenye kidole.

Nilimwambia nimeliona. Hapo hakukana tena. Alikaa kwenye kigoda na kunieleza, kwa sauti ile ile ya kubana matumizi. Kibali kitafutwa. Bunduki itachukuliwa. Hakuna mvuvi atakayenunua tena kizito kwa mtu aliyeua dume la Masalu na kunyamaza. Tutatengwa sisi, wageni wa mjini tusio na ukoo huku. Ngosha ana ndugu Misungwi, atapokelewa, na hata hivyo alishatamka mwenyewe mbele ya watu. Yeye ataacha kupiga, bunduki ataifungia ndani, na jambo litaisha.

"Na Rose?" nikauliza. "Amepanda mpunga. Na wale wanawake wa pale mwambani? Ingekuwa mmoja wao badala ya dume?"

"Haikuwa."

"Yassin."

"Nisitiri, Zakia," akasema. "Wewe ni mke wangu. Nisitiri."

Neno hilo linajua pa kumpiga mwanamke aliyelelewa kama mimi. Nimesitiri mengi ya nyumba ile na sijutii. Lakini nilimtazama akilisema, damu imekauka shavuni, na nikaona hajaogopa hata kidogo kwamba ningeweza kumwua. Anaogopa tu kwamba nitasema. Nikamwambia ana mpaka kesho aseme kwa mdomo wake. Nikamwambia kwa maneno hayo hayo, ili asije akadai hakuelewa.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la zamani la pamba, upande wa ng'ambo, na kutoka pale unaliona ziwa, na ule mwamba, na hata karakana yetu. Wanaume walikaa mbele, wanawake pembeni. Ngosha aliwekwa katikati, chini, na tayari watu walikuwa wameacha nafasi kumzunguka. Rose alikuwa karibu nami. Nilitaka kumshika mkono, nikaona sistahili.

Masalu alieleza dume lake. Waliosikia tishio wakaeleza tishio. Ngosha alipoulizwa alisema alitamka, ndiyo, lakini hakupiga. Kisha Kashindye akamwita Fundi Yassin, kwa heshima, hata akaagiza aletewe kiti.

Nilimtazama. Nilimwombea dua, kwa kweli kabisa, aseme. Yassin alikinyanyua kile kipande ili watu wakione, akaeleza namna madini yanavyopondeka, namna gobore linavyotoa kidonge laini kisicho na alama, maneno mengi ya kweli yaliyopangwa kwa ustadi. Mwisho akasema kwa maoni yake ni ya gobore. Akakaa. Rose alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyechomwa sindano.

Watoto wa Masalu walikuwa tayari wameshasimama. Kashindye akawanyooshea mkono, akauliza kama yupo mwenye neno kabla hajatoa hukumu. Anauliza hivyo kila mara, na kila mara hakuna.

Nikasimama.

"Shikamoo mzee. Dume hilo limeuawa na bunduki ya nyumbani kwangu. Inagonga maji na kuruka. Jana nimeipiga kwa mkono wangu kutoka kule, na risasi imefika kwenye ule mwamba. Alama ipo, nendeni mkaione."

Kelele zilizofuata sikuzielewa. Yassin alisimama, akatabasamu kwa watu, tabasamu la kumwombea radhi mgonjwa. Alisema mkewe hajui bunduki, ana urafiki na Rose, na mawe ya pale yana alama tangu enzi. Alisema kila mvuvi aliyekaa hapa anajua risasi inafanya nini ikiingia ziwani. Inazama. Na wavuvi, Mungu awasamehe, wakatikisa vichwa kukubali, maana ni kweli, wamezamisha nyavu kwa risasi yake maisha yao yote. Niliona jambo likinitoka mikononi. Hata Kashindye alianza kunitazama kwa huruma.

Ndipo Ngosha akainuka. Hakuna aliyempa ruhusa, na hakupandisha sauti.

"Fundi anasema inazama," akasema. "Ni sawa. Bunduki si iko nyumbani? Watu waende na huyo mama, apige kutoka pale pale. Wewe fundi kasimame kwenye mwamba."

Kashindye alifikiri kidogo, akageuka, akamwuliza Yassin kama ana pingamizi.

Watu wote wakawa wanamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama maji, yaliyokuwa yametulia, bila hata mkunjo. Mkono wake ulipanda shavuni, ukagusa kile kidonda, ukashuka. Watu wa mbele walianza kujisogeza ili apite. Walifungua njia nzima mpaka ufukweni, wakangoja.

Yassin akarudi kwenye kiti chake, akakaa.